Pilipili ya Watu wa Lagos

Magdalene Karimi alijua bei ya gunia la mchele Lagos kuliko alivyojua bei ya unga kwao Chuka. Alijua petroli imepanda mara ngapi Abuja, mwanamuziki gani ameachwa na mke wa tatu, na mchungaji gani amenunua gari la pili huku waumini wake wakilala njaa. Nigeria kwenyewe hajawahi kukanyaga hata siku moja. Alikuwa mama wa miaka arubaini na miwili, Mkenya, mlezi wa wazee katika makao fulani ya Edgbaston, mjini Birmingham, Uingereza. Kila akipata nafasi alichomeka spika masikioni akawasikiliza Wanigeria wakigombana mtandaoni.

Ukimwuliza utamu uko wapi, alikuambia bila kuficha. Katika makundi ya Wakenya wa Birmingham kila mtu ni shemeji ya mtu. Ukicheka leo, Jumapili unaulizwa kanisani ulikuwa unamcheka nani. Lakini Magdalene angeweza kumlaani gavana wa Wanigeria mpaka koo likauke, na hakuna shangazi wa kumpigia simu. Wazee walisema, pilipili usiyoila yakuwashia nini? Magdalene alikuwa anaila ya wenzake kwa kijiko, na wala haikumwasha.

Aliyemwonjesha ni Ebiere, Mnigeria wa kule Bayelsa, mwenzake wa zamu ya asubuhi, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachosikika mpaka jikoni. Ebiere ndiye aliyemwonyesha chumba cha maongezi cha mtandaoni, cha Jumamosi alasiri, ambacho maelfu ya watu huingia kusikiliza, na mwenye neno huinua mkono, mwenye chumba akamfungulia maikrofoni. Humo kila mtu hujiita anavyotaka. Magdalene alijiita Ua la Mlimani. Kwa miaka miwili hakuinua mkono hata mara moja.

Na alikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza. Yeye alikaa Uingereza kwa udhamini wa yale makao ya wazee. Siku wangemfukuza kazi, serikali ingempa siku sitini atafute mdhamini mwingine au afunge mizigo. Wadhamini wenyewe siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi. Alikuwa ameshawasindikiza wenzake wawili uwanja wa ndege, watu wazima, wanalia kama watoto. Naye alikuwa na Audrey, binti yake wa miaka kumi na mitano, aliyewahi kuingia kabla serikali haijawazuia walezi kuleta watoto wao. Audrey alikuwa akisoma Erdington, walikokuwa wamepanga, na mwaka huo ndio ulikuwa wa mitihani yake mikubwa. Ukimsemesha Kiswahili alisikia vizuri, akakujibu Kiingereza. Mtoto huyo angerudishwa Chuka akaanze shule gani? Hilo ndilo swali lililomwamsha Magdalene asubuhi kabla ya kengele ya saa.

Sasa, katika makao yale, chumba namba tisa, alikuwepo bibi mmoja ambaye jina lake halikutajwa ovyo. Alikuwa mamake Preye, mwigizaji ambaye Nigeria nzima inamjua, mwenye nywele za bei na magauni yanayoburuta. Akili ya bibi ilikuwa imeanza kupotea, na hapo Birmingham palikuwa na daktari aliyeujua ugonjwa wake. Wafanyakazi wote walitia sahihi karatasi: unachokiona humu kibaki humu. Magdalene na Ebiere ndio waliomwogesha kila asubuhi. Ebiere alimwongelesha kwa Kiijaw, lugha ya kwao, bibi akatulia.

Preye alikuja kila mwezi, amejifunga kitambaa kichwani, hana rangi ya mdomo wala kucha za bandia. Alikaa chini kwenye zulia, akaweka miguu ya mamake mapajani, akaipaka mafuta kidole kwa kidole. Wakati mwingine mamake alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa, naye akaitika.

Jumamosi moja Magdalene alikuwa jikoni kwake akikata sukuma wiki, spika masikioni. Siku hiyo mjadala ulianza na petroli, ukahamia kwenye umeme, kisha ukamfikia Preye. Alikuwa amefanya sherehe ya kuzaliwa, keki ya orofa tano, na watu wenye matumbo matupu hawakupendezwa. Bwana mmoja akauliza, "Hivi mamake yuko wapi? Mbona hatumwoni kwenye picha?" Mwingine akadakia kwamba ametupwa katika nyumba ya wazee Uingereza, mzungu ndiye anayemlisha. Chumba kikawaka moto. Walimwita mchawi, walimwita mwana wa laana. Mwanamke mmoja mwenye sauti ya maombi akamwomba Mungu watoto wa Preye nao wamtupe siku ya uzee wake, na watu elfu nne wakaandika amina.

Kisu kilisimama mkononi mwa Magdalene. Ningesema alifikiri, lakini hakufikiri. Amelelewa mahali ambapo kusema mtu amemtupa mamake ni sawa na kumzika angali hai, na mtu akizikwa hivyo mbele yako nawe unajua ukweli, unanyamazaje? Kidole kilibonyeza alama ya mkono. Mwenye chumba akasema, "Ua la Mlimani, karibu."

"Jamani, nyinyi watu, mwogopeni Mungu," Magdalene alisema kwa Kiingereza chake cha Chuka. "Mimi niko hapa Birmingham. Mimi ndiye ninayemwogesha huyo mama. Binti yake anakuja kila mwezi, anakaa chini, anampaka mafuta miguuni. Nyinyi mlimpaka nani? Mwacheni!"

 Kisha maswali yakamiminika kama mawe juu ya bati. Makao gani? Chumba gani? Anaumwa nini? Una picha? Magdalene alizima simu, akaiweka ndani ya kabati la sufuria, akaegemea mlango wa kabati. Hapo ndipo alipoikumbuka ile karatasi. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo wa kwake ulikuwa umemvunja mgongo.

Kesho yake kanisani, katika ule ukumbi wa Kingstanding ambao Wakenya huukodi Jumapili, Nyambura, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alimvuta pembeni baada ya ibada.

"Dada, umesikia hii kitu imetrend huko mtandaoni?" akamwekea simu sikioni. "Sikiza huyu mama. Si huyu ni mtu wetu kabisa?"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, imekatwa, imewekewa muziki chini. Watu laki tatu walikuwa wameisikiliza.

"Anaweza kuwa Mganda," Magdalene alisema. Akavuta kiti, akaketi.

"Mganda wapi! Huyu ni wa Mlima Kenya. Na ni mjinga, ati anajichoma hivyo. Watamdeport arudi kwao." Nyambura akacheka, akaisambaza klipu kwa kundi lingine.

Kufikia Jumanne watu wa mtandao walikuwa wameyajua makao. Hujui walivyo hodari, wangekuwa polisi nchi ingetulia. Vijana wawili walisimama langoni wakipiga video, mmoja akachungulia dirisha la chumba tisa, bibi akapiga mayowe. Tangu hapo alikataa kula. Magdalene alimshikia kijiko cha uji nusu saa nzima, bibi akaufunga mdomo na kumtazama kwa macho ya mtoto aliyepigwa bila kosa. Magdalene alijua ni yeye aliyemtia hofu hiyo. 

Jumatano ikaja barua ya wakili wa Preye. Mkuu wa makao, Narinder, aliwakusanya wote katika chumba cha chai. Narinder alikuwa Kalasinga aliyezaliwa Kisumu na kuhamia Birmingham akiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na Kiswahili chake alikihifadhi kwa ajili ya Magdalene tu, cha kumsalimia asubuhi. Siku hiyo hakumsalimia. Alisoma barua kwa Kiingereza kikavu: siri ya mkazi imetolewa, maneno yaliyosemwa ni haya na haya, mhusika apatikane. Sauti yenyewe haikuwemo, maneno tu kwenye karatasi.

Wenye makao hawakuhitaji sauti. Mwigizaji ni Mnigeria, mjadala ni wa Wanigeria, na mle ndani Mnigeria ni mmoja. Tena anaongea na bibi lugha ambayo hakuna mwingine anayeielewa. Kabla ya chakula cha mchana Ebiere aliambiwa avue kitambulisho, aende nyumbani, arudi Ijumaa saa nne kusikia hukumu yake.

Ebiere hakupiga kelele. Alisema, "Si mimi," mara moja tu. Alipopita mlangoni na mkoba wake alimtazama Magdalene, akapunguza mwendo kidogo, kisha akaendelea. Magdalene alikuwa ameshika taulo. Alikunja taulo hilo, akalikunjua, akalikunja tena. Nafsi ilimwambia sema, na uoga ukamwambia Audrey. Uoga ulishinda, nami simcheki, kwa sababu aliyewahi kuhesabu siku sitini kwa vidole ndiye anayeujua uoga ule.

Alhamisi baada ya zamu alishindwa kupanda gari moshi la kwenda nyumbani. Alichukua basi hadi kwa Ebiere. Ebiere alimfungulia akiwa na leso kiunoni, hana kicheko. Sebuleni mizigo miwili ilikuwa wazi, nguo zimeanza kupangwa.

"Umeanza kufunga?" Magdalene aliuliza.

"Nikingoja Ijumaa nitafunga nikilia. Afadhali leo."

Magdalene alikaa ukingoni mwa kiti. "Ebiere, ile klipu..."

"Nimeisikia, Magda. Nimeisikia mara ishirini." Ebiere aliketi juu ya mzigo. "Ulidhani siijui sauti yako? Miaka miwili unanisimulia habari za kwetu kwa sauti hiyo hiyo."

"Mbona hukuwaambia?"

Ebiere alikunja blauzi, akailaza. "Ulimsema vizuri dada yule. Wale wote wanaomtukana, hakuna aliyemwona alivyokaa kwenye zulia. Mimi nilimwona, nikanyamaza. Wewe ulisema. Nikutaje kwa hilo?" Akaisukuma blauzi kando. "Lakini nilipokuwa natoka pale mlangoni, nilikungoja. Nilitembea polepole, Magda. Nilikungoja."

 Magdalene alirudi Erdington na aibu iliyomwelemea kuliko uoga. Audrey alikuwa mezani na vitabu, akamwuliza kwa Kiingereza kama ni mgonjwa. Alimwambia ni baridi.

Ijumaa saa mbili asubuhi, kabla wenye makao hawajafika, alibisha kwenye ofisi ya Narinder. Narinder akasema kwa Kiswahili, "Ingia. Funga mlango."

Magdalene akaufunga.

"Jana kijana wangu amenichezea hiyo sauti," Narinder alisema. "Sikuwa nimeisikia. Sasa keti, na usiseme kitu mpaka nimalize. Mimi ni mtoto wa Kisumu. Mjaluo akiongea Kizungu namjua, na mtu wa Mlima namjua. Wenye makao hawajui, kwao Mwafrika ni Mwafrika. Wana karatasi tu. Unanielewa?"

"Naelewa, madam."

"Mimi niko hapa miaka thelathini. Nimeona watoto wakitolewa shule katikati ya mwaka. Sipendi kuona tena." Alishusha sauti. "Usiponiambia, mimi sijui kitu. Ukiniambia, lazima niandike."

"Na Ebiere?"

Narinder aliitazama meza. "Ebiere wameshaamua juu yake. Hata nikinyamaza au nikiongea, wanataka mtu mmoja wa kumfukuza."

Mlango ulikuwa hatua tatu nyuma yake. Magdalene angeweza kuinuka, kusema asante, kwenda kumwogesha bibi wa chumba tisa kama kila siku. Hakuna ambaye angejua. Narinder angenyamaza, Ebiere naye angenyamaza hadi Bayelsa, na Audrey angefanya mitihani yake. Aliyaona yote hayo wazi, na aliyataka, Mungu anisamehe kusema hivyo, aliyataka kwa moyo wake wote.  Kilichomshinda ni kwamba Ebiere alikuwa ametembea polepole.

"Andika," alisema.

Narinder hakugusa kalamu. "Nenda nyumbani. Nitawaambia wasogeze kikao hadi Jumatatu. Ulale, ufikirie mtoto."

"Nikilala sitarudi hapa kusema." Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Andika sasa hivi, madam, nikiwa bado naweza."

Narinder alivuta karatasi, akavaa miwani, akamwuliza Jumamosi ile ilikuwa tarehe ngapi.