Kaburi la Walionuniana

Siku hizi mtu akifa katika parokia zile watu huuliza fulana za msiba zitakuwa za rangi gani. Zamani waliuliza kwanza ni nani na nani walionuniana.

Swali lile la zamani halikuwa umbea. Lilikuwa utaratibu wa Umoja wa Wanaume wa Kanda, na fundi viatu aliyeitwa Gundi aliufuata tangu ndevu zake zilipoanza kuchomoza mpaka zilipokuwa nyeupe zote. Kaburi la mtu wa parokia lilichimbwa na wanaume wawili tu, na hao wawili ilikuwa lazima wawe wamekosana. Waliokuwa wanapatana hawakuruhusiwa hata kulisogelea shimo.

Mwanzilishi wa Umoja alikuwa katekista, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Enzi hizo padri alifika kwa baiskeli mara mojamoja, akabatiza, akafungisha ndoa, akaondoka. Maskini asiye na ndugu akifa, mwili wake ulilala ukingoja mwenye huruma. Katekista alichoka kuona hivyo. Aliwakusanya wanaume baada ya sala akawaambia kwamba wanaimba vizuri sana, lakini wimbo haufukui udongo. Huo ndio ulikuwa mwanzo. Hapakuwa na katiba, wala kadi, wala bango. Palikuwa na sururu na sepetu nyuma ya mlango wa sakristia.

Habari ya walionuniana ilikuja kwa bahati tu. Siku moja alikufa mzee mmoja wakati wanaume karibu wote wamekwenda kuezeka kanisa la kigango cha mbali. Waliobaki walikuwa majirani wawili ambao walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Katekista hakuwa na wa kuchagua. Akampa mmoja sururu, mwingine sepetu, akaenda zake kumfariji mjane. Sasa, kaburi halina nafasi ya kiburi. Wa sururu asipopisha, wa sepetu hapati cha kuzoa; na udongo ukishafika kifuani, hutoki bila kupewa mkono. Jioni wale wawili walirudi wakibishana kama mvua itanyesha au haitanyesha. Walikuwa wanabishana, ndiyo, lakini walikuwa wanaongea.

Katekista alisikia, akalitia jambo lile moyoni. Kuanzia hapo, kila palipokuwa na msiba, aliwatafuta waliokosana. Wanaume wa Umoja walipotembea kwenda vigango vingine kufundisha na kukarabati, walikwenda na desturi yao, na kabla wengi hawajatambua, kanda nzima ilikuwa inazika hivyo. Watu walifanya masihara. Mwanamke mwenye mgonjwa mahututi ndani alimwambia mume wake na shemeji yake wasiharakishe kusameheana, wasije wakamkosesha mgonjwa wachimbaji. Lakini palikuwa na wanaume waliolala usiku mmoja na chuki, wakaamka, wakasikia kengele ya msiba, wakapata ahueni kwamba sasa kuna pa kuipeleka.

Gundi aliingia Umoja akiwa kijana mwenye kibanda kidogo cha viatu, na kusoma alijifunzia humo humo, kwenye magazeti waliyofungia watu viatu vyao vibovu. Jina la Gundi lilikuwa tusi. Alimtengenezea viatu mwashi mmoja mrefu, kijana wa rika lake, na soli moja ikabanduka mwashi akiwa juu ya jukwaa la kujengea. Hakuumia sana, ila aliaibika. Jumapili, mbele ya mlango wa kanisa, alitangaza kwamba gundi ya yule fundi ni uji wa mtoto. Fundi viatu naye akajibu kwamba afadhali uji, kuna watu wana timazi ya kunyooshea kuta, lakini kuta zao zinasujudu. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na tangu siku hiyo mmoja akawa Gundi na mwingine Timazi, hata wake zao wakaja kuwaita hivyo.

Hawakungoja muda mrefu. Alikufa bibi mmoja aliyekuwa akifagia kanisa, na katekista akawakabidhi vifaa bila kuwatazama usoni. Walichimba kimya. Shimo likafika kiunoni, likafika begani, na hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo halingeweza kutokea kwa watu wengine. Hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kusema inatosha. Kusema ni kuongea, na anayeanza kuongea ameshindwa. Basi wakaendelea. Alasiri katekista alipokuja kukagua aliona kilima cha udongo lakini hakuona watu. Akachungulia, akawauliza kwa sauti yake ile kama wanamzika mtu au wanatafuta maji.

Walitolewa kwa kamba, wote wekundu kwa udongo, na kule chini, kabla kamba haijafika, walikuwa wameshaanza kucheka. Mwaka haukuisha kabla Timazi hajamuoa mdogo wake Gundi. Kwa hiyo wakawa mashemeji, na kwa miaka mingi watu hawakumwona mmoja Jumapili bila mwingine.

Umoja ukakua. Wakaja vijana waliosoma, wenye adabu, wasio na ubaya wowote, na wakaleta vitu vya waliosoma. Ikaja katiba. Ikaja ofisi ya kanda yenye viti vya kuzunguka na mratibu mwenye kitambulisho shingoni. Kisha, kwenye mkutano mkuu, ikaja hoja kwamba kuchimba makaburi ni kazi ya hatari, haifanani na chama cha kisasa, na kuna kampuni ya mazishi inayoweza kuifanya vizuri zaidi.

Gundi alisimama. Hakuwa mzoefu wa kusimama. Aliuliza swali moja tu, kwamba wakiajiri wachimbaji, ugomvi wao wataupeleka wapi. Watu wakatabasamu kama wanavyotabasamu kwa mzee aliyesahau kufunga kifungo. Katekista, ambaye sasa alikuwa kikongwe asiyesikia vizuri, aliketi mbele akitazama mikono yake. Gundi akageuka kumtafuta shemeji yake ainuke amsaidie. Timazi hakuinuka. Na wanaokubali walipoambiwa wanyooshe mikono, ule mkono mrefu wa mwashi ulikuwa kati yao.

"Kumbe hata timazi hupinda," Gundi alisema, kwa sauti iliyofika kila benchi.

Timazi akaushusha mkono. Wakatoka kwa milango tofauti.

Kwa desturi, kaburi lililofuata lingekuwa lao. Lakini kaburi lililofuata lilichimbwa na vijana wa kampuni waliovaa kofia ngumu, na lililofuata hilo pia. Ugomvi wa mashemeji ukakosa pa kwenda, ukakaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Aliyeumia zaidi alikuwa dada. Alikuwa akija kibandani na viatu visivyo na tatizo lolote, anavitoa kwenye mfuko, anasema naona hapa panataka kuachia. Gundi anavipindua, anavigonga nyundo bure, anamrudishia. Hawakumtaja Timazi, ambaye hata kanisani hakuonekana tena, na Gundi akaona anamkwepa. Miaka ikapita hivyo, na hata dada akaacha kuja, na Gundi alidhani naye amechagua upande.

Tangazo la kifo cha katekista lilipita kwenye simu, na Gundi hakuwa nayo. Asubuhi aliposikia, siku ya tatu, aliacha kiatu kikiwa kimevishwa kwenye chuma cha kugongea, uzi ukining'inia. Alijua anachokitaka, na kilikuwa kimoja: kaburi hilo alichimbe na Timazi. Wote wawili walikuwa wazee. Wasipolichimba hilo, mmoja wao angemzika mwenzake kama mtu baki, na hakukuwa na mwanzilishi mwingine wa kufa, ambaye kaburi lake wangeweza kulidai.

Alichukua sururu na sepetu, ambazo ofisi ilizitupa na yeye akaziokota, akaenda. Dada yake ndiye aliyefungua mlango. Alitazama vifaa, akamtazama kaka yake, akamwita mume wake kwa kunong'ona ingawa nyumba ni chumba na ukumbi na kila kitu kinasikika. Timazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, shuka magotini.

"Nimekuja tukachimbe," Gundi alisema. Hakusalimia.

Timazi aliitazama ile sururu. Kisha akamwambia mke wake, "Muulize kaka yako kama anaweza kusukuma mkokoteni."

Gundi alidhani ni kwa ajili ya vifaa. Akasema vifaa vyenyewe ni viwili tu, atabeba. Ndipo dada alipoondoa lile shuka. Miguu ya mwashi ilikuwa imekauka, myembamba kama ya mtu mwingine, na soksi zilikuwa zimevalishwa kwa uangalifu kama za maiti.

"Alinikataza nisikwambie, kaka," dada alisema. "Nikija kwako ulimi unaniwasha. Ndiyo maana niliacha kuja."

Wakaazima mkokoteni wa muuza mkaa, dada akautandika gunia na mto, wakampandisha. Gundi akasukuma. Njia ya makaburini ina kokoto, na kila gurudumu lilipoingia shimoni Timazi alikunja uso bila kutoa sauti. Watu waliwapisha. Wengine, wa umri wao, walielewa kinachotaka kufanyika, wakavua kofia.

Walikuta kaburi tayari. Lilikuwa limechimbwa tangu jana yake, kingo zimenyooka, ndani limepakwa saruji, juu limefunikwa turubai la buluu lenye jina la kampuni. Mratibu wa kanda alikuwa pale akiongea na simu. Alipowaona aliikata, akaja mbio kuwapokea, akawapa pole, akawaita wazee wetu.

Gundi alimweleza wamefuata nini. Mratibu alisikiliza mpaka mwisho, na huo ni ustaarabu ambao haukumsaidia Gundi kitu. Akasema kazi imekwisha, na saruji ikishakauka haiguswi. Lakini kwenye ratiba kuna nafasi ya wazee kutoa neno, anaweza kuwaongezea muda.

"Mwanangu, sikuja na neno," Gundi alisema. "Nimekuja na sururu."

Mratibu alitazama chini, akasema anaelewa. Kisha simu ikaita.

Gundi akakaa juu ya ukingo wa mkokoteni, miguuni pa shemeji yake. Vifaa akavilaza chini. Kwa muda mrefu walitazama lile turubai likipandishwa na kushushwa na upepo. Hatimaye aliyeanza alikuwa Timazi.

"Ile siku ya mkutano, mguu wa kushoto ulikuwa umeshakufa ganzi. Nilijua zamu yangu ikija nitashuka na sitapanda."

"Ungesema."

"Niseme kwa nani? Kwako? Ungenicheka, shemeji."

"Ningekucheka, ndiyo," Gundi alisema. "Kisha ningechimba peke yangu, na wewe ungekaa ukingoni unanitukana. Nani angetukataza?"

Timazi alifuta macho kwa mgongo wa mkono, na Gundi akajifanya anaangalia kama gurudumu limekazwa. Walikuwa wamepatana, na hakuna aliyewapatanisha. Lakini Gundi hakuona furaha aliyotegemea. Ilikuwa imechukua maneno machache tu, mepesi, ambayo wangeweza kuyasema barazani wakati wowote katika miaka yote ile, na hawakuyasema, kwa sababu walikuwa wanaume waliofundishwa kuyasema shimoni, na shimo walikuwa wamenyang'anywa.

Mazishi yalikwenda vizuri. Umoja wa kanda nzima ulifika, fulana za zambarau, picha ya katekista kifuani kwa kila mtu, spika mbili kubwa. Mratibu alisoma historia ya marehemu. Alisema alianzisha chama, alisema alihamasisha huduma za kijamii. Habari ya walionuniana haikutajwa. Jeneza lilishushwa kwa mashine ndogo yenye mikanda, taratibu, bila mtu kugusa udongo, na wengi waliinua simu wapate picha. Gundi na Timazi walitazama kutoka kwenye mkokoteni, pembeni, kwa sababu magurudumu yasingepita kati ya viti.

Baadaye wanachama walielekea kwenye mabasi yaliyokodiwa. Ratiba ilikuwa inawabana. Miongoni mwao walikuwemo wazee ambao Gundi alichimba nao, ambao alijua uzito wa mikono yao, na ndani ya zile fulana ilikuwa vigumu kuwatofautisha. Seremala mmoja, aliyewahi kugombana na Gundi kuhusu mbao na kupatana naye siku moja ya mvua, aliketi dirishani mwa basi, akamwona, akainua mkono. Akafanya kama anataka kushuka. Akamgeukia aliyekuwa kwenye siti ya njiani, na huyo hakusogea, au hakuelewa anaombwa nini. Basi likaanza kwenda. Vumbi lilipoinuka seremala akafunga kioo, na nyuma ya kioo mkono wake ukabaki juu kwa muda, mpaka kwenye kona. Gundi hakuwaona tena wale aliochimba nao.