Mche Niliotumwa Kuuiba

Nilipokuwa mtoto pale Kilosa, upande wa reli, niliwahi kusema asante mahali isipotakiwa, nikakaribia kumkosesha babu yangu chakula.

Babu alikuwa ametoka katika homa ndefu, na kila alichopikiwa alikisukuma pembeni. Siku moja jirani yetu Mama Rozina, ambaye mumewe alikuwa mpishi nyumbani kwa meneja wa shamba la mkonge, alimletea bakuli la supu ya kuku. Babu aliinywa yote akauliza kama imebaki. Siri ya supu hiyo ilikuwa vijani vidogo vya kijivu ambavyo Mama Rozina alivikuza kwenye debe. Yeye aliuita mmea huo mrehani wa Kizungu. Haukuwa mrehani, wala kivumbasi. Ulikuwa majoramu, jina nililolijua baadaye sana.

Bibi yangu, Mwanahawa binti Selemani, mzaliwa wa Vidunda, hakuwa mtu wa kugonga mlango wa jirani kila siku kwa ajili ya supu. Alitaka mche wake mwenyewe.

"Ukipewa, pokea, geuka, njoo," aliniambia aliponituma kuuomba. "Usiseme neno."

Nilikuwa darasa la pili, na mwalimu wetu alituchapa kwa kusahau asante. Nilimwamkia Mama Rozina, nikapokea mche kwa mikono miwili, na mdomo ukafanya ulivyozoea: "Asante sana, mama."

Nyumbani nilieleza yote, hata hiyo asante, kwa kujisifu. Bibi alikaa chini.

"Mche ukishukuriwa unaona umeshalipwa. Hauoti tena."

"Lakini bibi, mwalimu amesema..."

"Mwalimu wako analima nini?"

Kwao Vidunda dawa ilikuwa moja tu: mche urudishwe kwa mwenyewe, kisha uibwe bila yeye kuona. Nikalia. Nilifundishwa kuwa wizi ni dhambi.

"Na babu yako akifa njaa, hiyo itakuwa nini?" Bibi aliuliza, nami nikafuta machozi nikaenda.

Mama Rozina alikuwa uani akichambua mchele. Aliutazama mche, akanitazama usoni.

"Ahaa. Umeshukuru, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Weka hapo kwenye debe."

Kisha akageuza kigoda, akanipa mgongo, na kuwaambia kuku wake kwa sauti kubwa: "Leo sioni kitu mimi. Hata mtu akiniibia sufuria, sioni!"

Nikaunyakua, nikakimbia. Nyuma yangu nilimsikia akicheka: "Mwizi gani huyu anakanyaga kama tembo!"

Bibi aliupanda kwenye debe bovu alilolitoboa chini, kwa mchanga na samadi kavu ya mbuzi, mahali palipopata jua la asubuhi tu. Siku nne mche uliinama, na kila nilipotoka shule nilikwenda kwenye debe kabla ya kumwamkia mtu yeyote. Siku ya tano ukainuka. Ulipozidi kukua, Bibi alikata ncha zake kabla hazijatoa maua ili utanuke, akazitia kwenye supu mwishoni kabisa, sufuria ikiwa imeshaipuliwa. Babu akala. Wiki chache baadaye alikuwa analalamika kuwa ugali ni mdogo.

Sasa nimestaafu ukarani na ninaishi Mikumi. Tangu nchi ilipofungua biashara ya nje, mwanangu huniletea vitu kutoka Dar es Salaam ambavyo zamani hatukuviona, na safari moja alileta pakiti ya mbegu za majoramu. Nina madebe manne. Najua mche uliohamishwa huinama siku chache, ushukuriwe usishukuriwe. Nilijua hivyo hata kabla sijaota mvi. Ninachokifikiria zaidi ni ule mgongo wa Mama Rozina. Kwa kugeuka kwake, Bibi hakuwa mwombaji, na mimi sikuwa mwizi, na hakuna aliyeambiwa kuwa anaamini upuuzi.

Juzi Zainabu, binti wa jirani, alikuja kuomba mche. Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Asante sana, babu."

Niliuchukua tena mkononi mwake, nikauweka chini kando ya debe. Nikamwambia naingia ndani kutafuta miwani yangu.

"Si umeivaa, babu?"

Niliingia hivyo hivyo. Nilikaa ndani kitambo, na nilipotoka mche haukuwepo.