Ghala Namba Nne

Masjala ya baraza la mji ilikuwa chini kabisa ya jengo, katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya kuwekea rangi na ngazi. Madirisha yake mawili yalikuwa juu, usawa wa barabara, hivyo aliyekaa humo aliona miguu tu ya wapita njia. Humo ndimo alimofanya kazi kwa miaka thelathini na mbili mwanamke mmoja mwembamba, mjane, mwenye miwani iliyoungwa kwa uzi wa kushonea. Watu walimwita Bibi Faili, naye hakuchukia.

Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kutunza ramani na majalada. Kilichomfanya ajulikane mjini ni ubao wa matangazo uliokuwa karibu na lango. Mtu mwenye swali kuhusu jengo au mtaa aliliandika, akalitumbukiza kwenye kisanduku, na kila Jumatatu Bibi Faili alibandika majibu. Ile nguzo ya chuma pale njiapanda ilikuwa ya nini? Kwa nini mtaa wetu una ngazi zisizokwenda popote? Alikuwa akifungua ramani za zamani, kisha anatoka kwa miguu na futi yake ya kamba kwenda kupima mwenyewe. Mwenye bucha mmoja aliwahi kuuliza kama ni kweli kwamba duka lake lilikuwa mahakama. Bibi Faili akamjibu kwamba lilikuwa banda la farasi wa polisi, na kwamba kilichobadilika ni harufu tu. Mwenye bucha alinuna wiki nzima, halafu akalitundika jibu hilo ukutani kwake.

Jumanne moja kisanduku kilikuwa na karatasi moja tu, iliyokatwa kwenye kitabu cha vipimo vya nguo. Iliandikwa hivi: “Lile jengo refu nyuma ya gereji ya mabasi, lenye madirisha karibu na paa, lilikuwa nini mwaka wa ugonjwa? Dada yangu aliingizwa humo. Mimi nilikuwa na miaka saba.” Chini yake mwandishi alieleza kwamba ni fundi cherehani, yuko kwenye vibanda vya kituo cha mabasi, mlango wa tatu.

Bibi Faili alilijua jengo hilo. Miaka kumi na mmoja nyuma mwalimu mmoja aliuliza habari zake, naye akajibu kwa uhakika kabisa: Ghala Namba Nne la baraza, la majembe na mabomba. Ramani ndivyo ilivyosema. Alirudi kwenye ramani ile ile, ikasema vile vile. Lakini sasa hakuridhika. Mtoto wa miaka saba anaweza kusahau mengi, si mahali alipomwona dada yake mara ya mwisho.

Siku ya tatu ya kutafuta alikumbuka madaftari ya safari za magari, yaliyorundikwa nyuma ya kabati, ambayo hakuna aliyewahi kuyaomba. Akalitoa la mwaka wa ugonjwa, akapangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akaanza kusoma mstari kwa mstari. Gari la mizigo namba mbili. Kwenda: Ghala Na. 4. Mzigo: watu kumi na wanne. Kesho yake: watu tisa. Iliendelea hivyo kwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu mzigo ulikuwa magunia ishirini ya chokaa, na baada ya hapo gari halikwenda tena huko. Katika kurasa zote hizo hapakuwa na safari hata moja ya kumrudisha mtu.

Kila mstari ulikuwa na sahihi ya dereva. Bibi Faili aliitambua kabla hajaisoma. Ilikuwa ya kaka yake.

Kaka huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, magoti yamemchoka, anaishi kwa Bibi Faili katika chumba cha uani, anasikiliza redio na kugombana nayo. Mchana ule Bibi Faili alirudi nyumbani kabla ya saa za kazi kwisha. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakata kucha.

“Leo wamekufukuza?” kaka alitania.

“Kaka, Ghala Namba Nne ulipeleka nini?”

Mkono ukasimama. Kisha akaendelea na kidole kilichofuata.

“Majembe.”

“Nimesoma daftari.”

“Kama umesoma, unaniuliza nini?”

“Kuna mtu anamtafuta dada yake.”

“Mwambie alikufa. Wote walikufa. Nenda kazini, mdogo wangu, usinichimbe.”

Bibi Faili hakulala vizuri siku hizo. Mwishowe akapiga moyo konde, akaenda kwenye vibanda. Fundi alikuwa mwanamke mnene mwenye pini mdomoni. Alipomwona mgeni alizitema kiganjani moja moja.

“Wewe ndiye wa ubao? Nilidhani hutajibu.”

“Jibu ninalo nusu. Nusu nyingine anayo kaka yangu. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha gari.”

Fundi hakupiga kelele. Alizima cherehani, akachukua mkoba, akasema, “Nipeleke.”

Kaka aliwaona wakiingia uani, akajaribu kuinuka. Magoti yakamkatalia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.” Akamgeukia Bibi Faili. “Huyu nani?”

“Mimi ni mdogo wa msichana mmoja uliyempakia,” fundi akasema. “Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alivaa gauni la njano. Mama alikimbia nyuma ya gari.”

“Wengi walikimbia nyuma ya gari.”

“Walitibiwa humo ndani?”

Kaka alitikisa kichwa. Siku za kwanza palikuwa na muuguzi na maji, alisema. Muuguzi naye akaugua. Baada ya hapo mlango ukafungwa kwa nje kwa komeo la chuma, na yeye aliamriwa kushusha watu upesi, komeo lirudishwe.

“Na siku ya chokaa?” aliuliza Bibi Faili.

“Wewe nyamaza.”

“Mwache aulize,” fundi akamwambia mzee. Kisha akamwinamia. “Mzee, siku ile walikuwa wamekwisha kufa wote?”

Redio ilikuwa inaongea peke yake chumbani. Kaka alitazama mikono yake.

“Mmoja alikuwa anagonga,” alisema. “Nikamwambia msimamizi, kuna mtu anagonga. Akaniambia, shusha chokaa uondoke. Nikashusha.”

“Ulisikia sauti ya mwanamke au ya mwanamume?”

“Kugonga tu.”

Fundi akashukuru kwa heshima, akaondoka. Hakumwaga chozi pale. Bibi Faili alimsindikiza hadi barabarani, na huko ndiko fundi alikojishika ukutani, akatapika.

Jibu liliandikwa Jumapili. Lilikuwa refu kuliko yote aliyowahi kuandika, na lilianza kwa kukiri kwamba lile la miaka kumi na mmoja nyuma halikuwa sahihi. Hakutaja jina la dereva. Aliandika “kaka yangu”, maana asingeweza kuwaanika wengine wote akamficha wa kwake. Mkuu wa idara, kijana mwenye adabu, alilisoma kwa kusimama.

“Mama, jengo lile lina mnunuzi. Andika tu kwamba ramani inasema ghala.”

“Ramani niliisoma. Ndiyo iliyonidanganya.”

“Basi usibandike.”

Akabandika. Saa sita mchana karatasi ilikuwa imeng’olewa, na mwisho wa mwezi Bibi Faili alihamishiwa dirisha la vibali vya maegesho. Lakini kwa nusu siku ile watu walikuwa wamesoma. Wiki ile kisanduku kilipata barua kumi na saba. Hazikuwa na maswali. Zilikuwa na majina, umri, nguo alizovaa mtu siku alipochukuliwa. Alizibeba nyumbani ndani ya mfuko wa sukari.

Kaka hakumsamehe. “Umenianika, mdogo wangu,” alimwambia mara moja, “mimi niliyekubeba mgongoni.” Kuanzia hapo hakula chakula kilichopikwa na mkono wake, binti wa jirani ndiye aliyempelekea. Bibi Faili alikuwa akisimama nje ya mlango wa chumba cha uani kila asubuhi, akisalimia, asijibiwe. Miezi miwili baadaye alimkuta ameanguka kando ya kitanda, amepoa.

Mazishini walikuja wachache. Fundi cherehani alikuja, akasimama ng’ambo ya barabara mpaka jeneza likatolewa, akaenda zake bila kumsalimia mtu.

Jengo likauzwa. Mnunuzi alipaka rangi nyeupe, akajaza magodoro. Bibi Faili alimwandikia mara nne akiomba ua uchimbwe mifupa itafutwe, au angalau kiwekwe kibao cha kumbukumbu. Barua ya nne ilirudi bila kufunguliwa.

Alistaafu mwaka uliofuata. Watu bado humfuata nyumbani na maswali yao, humkuta kwenye kiti cha plastiki uani. Majuzi mama mmoja alimuuliza nyumba aliyopanga ilikuwa nini zamani, kwa sababu ukuta wa jikoni una mlango uliozibwa kwa matofali. Bibi Faili alimuuliza kama kweli anataka kujua. Mama yule akafikiri kidogo, akasema atarudi. Mpaka leo hajarudi.