Chupa Iliyorudi na Maziwa

Zahanati niliyofanyia kazi ilikuwa Ruring'u, mjini Nyeri, karibu sana na uwanja wa mpira. Siku ya mechi tulijua bao limeingia kabla mtangazaji wa redio hajamaliza kulitaja. Mimi nilidai kwamba kwa kusikiliza kelele tu naweza kumjua aliyefunga. Mdogo wangu akifunga, kelele ilianzia nyuma ya goli, kwa wauza njugu, halafu ikazunguka uwanja mzima. Mkubwa wetu wa kazi hakuniamini. Huyu alikuwa mtu wa kutoka magharibi, na ingawa vyeti vyake havikuwa vya udaktari, kila mgonjwa alimwita daktari nasi tukamwita hivyo. "Dada, kelele ni kelele," alikuwa akiniambia. Mara nyingi nilikuwa sahihi kuliko alivyotaka kukubali.

Mdogo wangu alikuwa winga wa kulia wa timu ya mji. Miaka hiyo ya themanini timu ilikuwa imepanda daraja, ikacheza na timu kubwa za Nairobi, na wachezaji wakawa wanalipwa mshahara. Mama yetu hakulielewa jambo hilo hata siku moja. "Ati wanalipa mtu mzima akimbie?" aliuliza, na akauliza tena mwaka uliofuata. Timu ilimpa pia chumba cha kulala hapo hapo Ruring'u. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alisema magoti yake yamebakiza misimu mitatu, na baada ya hapo timu imemwahidi kazi ya kufundisha vijana. Shamba hakuwa nalo, wala cheti cha shule cha kuonyesha mtu. Alichokuwa nacho duniani ni hiyo misimu mitatu na ahadi iliyofuata.

Nieleze habari ya dirisha langu la dawa, maana mambo yote yalipitia hapo. Dawa ya kifua ilikuja katika dumu kubwa, nami nikampimia kila mgonjwa. Chupa alikuja nayo mwenyewe. Walileta za soda, za mafuta ya kupikia, na nyingine za pombe kali zilizookotwa Nanyuki nyuma ya hoteli walimokunywa askari wa kigeni. Kizibo kilikuwa kipande cha gunzi la mahindi. Karatasi ya kubandika hatukuwa nayo. Maagizo niliyatoa kwa mdomo, kijiko asubuhi na kijiko jioni, tikisa kwanza, na jina la mgonjwa nikaliandika katika daftari. Asitokee mtu leo akaniambia tulikuwa wazembe. Tulitibu watu kwa tulichokuwa nacho, na wengi walipona.

Mgonjwa aliyebanwa kifua kabisa tulimsagia vidonge vya pumu, viwili au vitatu, tukavikoroga ndani ya dawa yake ya maji. Daktari ndiye aliyenifunza. Kifua kilifunguka, mtu akapumua, akaenda kuchuma chai yake.

Wiki ya robo fainali ya kombe ilikuwa ya Julai, ile Julai ya Nyeri ambayo ukungu hauondoki mpaka saa sita, na nusu ya mji inakohoa. Mdogo wangu aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na chupa ya soda aliyoichukua nyumbani kwangu.

"Sista, niko na kifua mbaya," alisema. Aliniita Sista kama walivyoniita wagonjwa, kwa kunitania tu, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni utotoni. "Jumamosi tuko na mechi na hata ngazi siwezi panda."

"Foleni iko mbele," nikamjibu.

"Hiyo foleni ni ya wageni. Mimi ni wa jikoni."

Nilicheka. Nikamsikiliza kifua kwa sikio langu, kikawa kinapiga mluzi. Nikamjazia chupa, nikasaga vidonge vitatu, halafu kwa sababu alikuwa wangu nikaongeza cha nne. Katika daftari sikuandika neno. Mtu wa nyumbani haandikwi, kama vile usivyoandika mahali kwamba leo umempa ndugu yako chai.

Jumamosi alicheza dakika zote. Kelele ilipoanzia kwa wauza njugu nilimgeukia daktari, naye akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Timu ikashinda kwa bao hilo moja.

Baada ya mechi, wakubwa wa mashindano walipiga kura wakachagua wachezaji wawili, mmoja kila upande, watoe mkojo wa kupimwa. Lilikuwa jambo jipya. Mshindi wa kombe angeenda kucheza nje ya nchi, na huko nje walitaka hivyo. Kura ikamwangukia mdogo wangu. Alituhadithia akicheka. "Walinipea chupa safi kuliko ya Sista," alisema. Mkojo ukatumwa ng'ambo kwa ndege, nasi tukausahau.

Kesho yake, Jumapili, alipanda kwa mama upande wa Kangema, kumpelekea sukari. Katika mkoba alikuwa na ile chupa yangu, imebaki dawa kidogo chini. Nyumbani kwetu chombo cha mtu hakirudi kwake kitupu. Ukiletewa unga katika kikapu, kikapu kinarudi na maharagwe. Ukipewa uji katika kibuyu, kibuyu kinarudi na kitu, hata kama ni ndizi mbili. Mama hakuwa na mchezo na sheria hiyo. Alimuuliza chupa ni ya nani, akaambiwa ni ya dada, basi akamwaga mabaki kwenye majani, akaisugua chupa kwa majivu na maji moto mpaka harufu ya dawa ikaisha, akaijaza maziwa ya jioni na kuitia gunzi jipya. Jumatatu nilipofika kazini niliikuta dirishani. Mimi na daktari tulipika chai kwa maziwa hayo. Yalikuwa mazito, na daktari aliomba kikombe cha pili.

Habari ilikuja kwa redio wiki nyingi baadaye, wakati wa chakula cha mchana. Mchezaji wa Nyeri amepatikana na dawa ya kuupa mwili nguvu. Walimtaja kwa jina lake lote, lile ambalo nyumbani lilitumika kanisani tu.

Mji ulifanya kesi kabla ya wenye kesi. Kwa kinyozi walisema ni miezi sita. Kwa muuza nyama walisema ni miaka miwili, na timu inyang'anywe ushindi. Fundi viatu mmoja, ambaye sikuwahi kumwona uwanjani, alisema ni maisha, hatagusa mpira tena hadi afe, na alilisema hilo huku akila chapati. Nilitamani kumpiga na kiatu chake mwenyewe. Watu ambao Jumamosi ile walimbeba mabegani sasa walisema wao walishaona, mtu wa umri ule hakimbii hivyo bure.

Jioni katibu wa timu alinionyesha barua. Jina la dawa lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, efedrini. Jina hilo nililijua. Lilikuwa kwenye mkebe wa vidonge vya pumu, rafu ya pili, mkono wa kushoto, na mkebe ule nilikuwa naupangusa vumbi kila Ijumaa. Nilikaa chini kwenye benchi la wagonjwa.

Nilimwendea mdogo wangu chumbani kwake siku hiyo hiyo nikamwambia yote, vidonge vitatu na kile cha nne. Nilitarajia anitukane. Alipumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi imeisha," alisema. "Si wewe utaenda uwaambie ni dawa ya kukohoa? Wewe ni mtu wa serikali. Watakuamini."

Aliinuka akapiga viatu vyake vya mpira rangi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko matusi yoyote ambayo angenitupia, kwamba aliamini nitamtoa.

Nilimwomba daktari aandike barua. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. "Dada, nitaandika kwamba tunatumia hiyo dawa. Hiyo ni ukweli. Lakini kwamba ulimpa yeye, siku hiyo, mimi sikuona. Na kwa register hayuko." Alikuwa mtu mwema, na alisema kweli. Barua yake ilikuwa mistari minne.

Kamati ilikaa Nairobi, katika chumba chenye zulia. Walikuwa wazee watatu waliovaa tai, wapole wote. Ningependa kusema walikuwa wakali, ingenisaidia. Mwenyekiti alinivutia kiti kwa mkono wake.

"Mama, hiyo dawa iko wapi?" aliuliza.

"Ilikwisha."

"Hakuna iliyobaki kwenye chupa?"

"Ilimwagwa. Chupa ilioshwa."

"Nani aliiosha?"

Nilimwangalia mdogo wangu. Alikuwa akiangalia mikono yake. "Mama yetu," nilisema. "Aliiosha ili airudishe na maziwa."

Mmoja wa wale wazee, ambaye kwa matamshi yake nilimjua ni mtu wa kwetu, aliinamisha kichwa. Alielewa kabisa. Nadhani hata yeye nyumbani kwao hawarudishi chombo kitupu. Lakini hakuna mahali pa kuandika jambo kama hilo kwenye fomu yao.

Mwenyekiti aliendelea kwa upole ule ule. Kama kungekuwa na hata kijiko cha dawa, wangekipeleka kipimwe kilinganishwe. Nikamwambia naweza kuitengeneza nyingine sasa hivi, kipimo kile kile, mbele yao. Akasema mtu yeyote angeweza kufanya hivyo. Akauliza daftari. Nikasema sikuandika. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu ni ndugu yangu. Nikaisikia sauti yangu ikilisema hilo ndani ya chumba kile, na nikajua linavyosikika masikioni mwao.

"Kwa hivyo unakubali alikunywa hiyo kitu kabla ya mechi."

"Alikunywa dawa ya kifua."

"Lakini alikunywa."

"Alikunywa," nilisema, na karani akaandika. Nilipanda gari kwenda kumtetea, nikawa shahidi wao pekee.

Walimpa miaka miwili. Mwenyekiti alieleza kwamba wamemhurumia, kwamba kuna waliotaka afungiwe maisha. Timu ilipoteza ule ushindi. Njiani kurudi mdogo wangu aliangalia dirishani mpaka tulipoanza kuona mlima. Hapo alisema, "Miaka mbili, nitakuwa na thelathini na moja." Alihesabu kwa vidole, kana kwamba huenda vidole vikatoa jibu jingine. Nilimshika mkono, akaniachia niushike.

Timu ilitaka chumba chake mwisho wa mwezi. Ile ahadi ya kufundisha vijana haikutajwa tena. Hakuna aliyeivunja, ila kila alipouliza aliambiwa katibu ametoka. Mama alipoambiwa mambo yote alimgeukia mdogo wangu. Mwanawe alikuwa amebeba jina la baba yake mama, kwa hiyo maisha yake yote mama alimwita baba. "Baba," alimwambia, "ningejua ningeiacha ikae chafu." Alimwomba msamaha kwa kuosha chupa. Mwanamke ambaye hajawahi kumrudishia mtu chombo kichafu maishani mwake alimwomba mwanawe msamaha kwa sababu hiyo, na mimi niliyesaga kile kidonge cha nne nilisimama mlangoni nikashindwa hata kusema acha, si wewe.

Miaka miwili ilipita. Alikwenda kufanya mazoezi na timu moja ya daraja la chini, akarudi baada ya wiki mbili. Alisema magoti hayakungoja. Akaenda Nanyuki kuuza misumari na mabati kwenye duka la mtu, na huko ndiko alikozeekea.

Mara ya mwisho nilimtembelea mwaka huu, baada ya msimu wa mvua. Alikuwa amepata kikohozi. Nilimkuta ameamka, na kwa desturi yangu nikaanza kusafisha nyumba ya mtu bila kuombwa. Kwenye dirisha kulikuwa na chupa za dawa zimepangwa mstari, hizi za siku hizi zenye karatasi iliyochapwa kila kitu. Za kikohozi, za tumbo, moja ya macho. Kila moja ilikuwa imebakizwa kidogo chini, kina cha kidole. Nyingine zilikuwa zimeganda, zimebadilika rangi. Nilichukua ya kwanza niioshe.

"Wacha hiyo, Sista."

"Imeharibika hii. Hata tarehe yake ilipita zamani."

"Wacha tu," alisema, bila hasira, huku akifunga vifungo vya sweta. "Wakikuja kuuliza, nitawaonyesha nini?"

Ana miaka sitini na kitu. Hajagusa mpira tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Niliirudisha chupa dirishani, pale pale ilipokuwa, nikahakikisha kizibo kimekaza.