Kucha Safi za Jumatatu

Sweta la shule likilowa linatoa harufu ya peke yake: sufu, moshi wa jikoni na jasho la mtoto aliyepanda mlima mbio. Juzi mvua ilimnyeshea binti yangu Neema akitoka shule. Nikamvua sweta, nikalitundika karibu na mafiga, na lilipoanza kutoa mvuke nikajikuta nimeshika mkono wangu wa kushoto, juu ya kiwiko, pale pale. Msinicheke. Nina umri wa kuwa na mtoto anayejua kusoma, lakini harufu hiyo bado inanikunja.

Kwetu ni upande wa Masieda, Mbulu, ambako baridi ya asubuhi haina adabu. Mtoto anavaa sweta karibu mwaka mzima na hakuna anayemuuliza kwa nini halivui. Baba yangu alilipenda sana sweta langu. Lilimfichia mengi.

Alikuwa mkulima hodari, nisimnyime haki yake. Alilima kwa maksai, na msimu ukifika mimi ndiye niliyeshika kamba mbele nikiwaongoza, yeye yuko nyuma na plau na mjeledi wa ngozi. Mtoto wa mbele ana kazi moja tu, mstari unyooke. Ukipinda, kila jirani anayepita atautazama na kucheka mpaka mahindi yaote. Na mimi nilikuwa mtoto wa kutazama ndege. Mstari ulipopinda, mjeledi uliwaruka maksai ukanifuata mimi. Unasikia mlio kwanza, halafu moto. Niliwaonea wivu maksai, kwa sababu wao aliwapiga kwa kiasi. Walikuwa na thamani sokoni.

Asubuhi ninayoikumbuka alinipiga mpaka nikaanguka kwenye udongo uliotoka kulimwa, na hakuacha. Mama alitoka nyumbani mbio, akanilalia kwa juu. Baba akatupa mjeledi, akaokota mpini wa jembe. Niliusikia mfupa wa mkono wa mama ukivunjika. Ulikuwa mlio mdogo tu, kama kuni kavu. Baba akainama karibu na nyuso zetu, jasho likimdondoka, akasema bila hata kupaza sauti, "Neno likitoka hapa, nawamaliza wote wawili." Nilimwamini. Bado namwamini.

Jumapili tulikwenda kanisani wote, yeye mbele na koti lake, mama nyuma na mkono umefungwa kwa khanga. Watu wakampa pole kwa kuanguka kisimani.

Jumatatu ilikuwa siku ya ukaguzi wa usafi, na mkaguzi alikuwa Mwalimu Zuhura, binti wa wenye duka wa Katesh, mwenye mtandio ulionyooka na sauti ya kuamsha kijiji. Walimu wengine walitazama kucha na meno wakamaliza. Yeye alitaka mikono ikunjwe mpaka juu, soksi zishushwe, shingo zigeuzwe, sweta lipandishwe mgongoni. Tulisema amezoea dukani, anatugeuza kama magunia ya mchele akitafuta tundu la panya. Siku hiyo nilikuwa nimesugua kucha kwa jiwe na kupaka mafuta ya mgando mpaka vidole vinang'aa, ili asione sababu ya kuendelea.

"Kunja mikono," akasema.

"Shikamoo mwalimu. Baridi, mwalimu."

Akakunja mwenyewe, taratibu. Sweta lilikuwa limegandana na kidonda, likabanduka nacho. Nilimwona akitazama. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Akaushusha mkono wa sweta, akasema kwa sauti ya kusikika mstari mzima, "Kucha chafu! Nenda ofisini."

Mstari wote ukacheka. Kucha zangu, nilizozisugua mpaka zinauma! Nililia njia nzima, na naapa sikuulilia mkono, nililia kwa uonevu ule.

Ofisini aliniletea beseni la maji ya uvuguvugu, akaninawisha kidonda, akanipa uji. Nilipomaliza kikombe ndipo akauliza ni nani.

"Akijua nimesema atatuua, mwalimu. Mimi na mama."

"Basi leo hulali kule."

"Na mama?"

"Na mama."

Yaliyofuata mama alinisimulia nilipokuwa mkubwa. Mwalimu mkuu alimpigia simu afisa ustawi wa jamii, naye akawapigia polisi, lakini gari lilikuwa mbali na barabara ilikuwa tope. Mwalimu Zuhura hakungoja. Alimchukua mtendaji wa kijiji wakapanda kwetu kumtoa mama. Baba aliwapokea mlangoni na mjeledi. Wa kwanza ulimpasua mtendaji shavu. Wa pili aliulenga uso wa mama, na Mwalimu Zuhura akainua mkono wake katikati. Ngozi ikamzunguka mkono mara moja, Baba akavuta, damu ikamrukia mama kifuani. Wanaume waliokuwa wakilima jirani wakaacha majembe, wakamwangusha Baba, wakampiga kwa ngumi na mateke hata meno yakatoka. Aliyewapigia kelele waache ni yule yule mwalimu, ameshika mkono wake unaotiririka damu. "Nimekuja kuzuia kupiga," aliwaambia, "na nyie mnanipigia mtu mbele yangu?" Polisi walimkuta Baba akiwa hai kwa sababu yake.

Mnafikiri mama alishukuru? Alimfuata shuleni akamsema mbele ya watoto. "Umeniondolea mume katikati ya kulima, mwalimu. Shamba limebaki nusu. Mtoto nitamlisha kelele zako?" Niliona aibu ya kuzama ardhini. Mwalimu Zuhura alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Pole, mama. Jumamosi tunakuja."

Jumamosi walikuja kweli, walimu na baadhi ya wazazi, na maksai wa kuazima. Nikaenda kushika kamba, miguu ikakataa. Nilisimama pale nikijikojolea. Mwalimu Zuhura akanichukulia kamba bila kunitazama, akatangulia mwenyewe na mkono wake wenye bandeji, mtoto wa duka ambaye hajawahi kuongoza hata mbuzi. Mstari ulipinda, ukajirudi, ukapinda tena. Nikafumba macho nikingoja mlio. Haukuja. Nilichosikia ni mama akicheka, mkono wake kwenye kitambaa, akicheka mpaka anakaa chini. Mahindi ya mwaka ule yaliota yamepinda na yalikuwa matamu.

Baba alifungwa. Alipotoka alihamia upande wa Dirma, na sijamtafuta.

Lakini kucha nilizinunia miaka. Nilikuwa mama tayari siku nilipokumbuka, nikiwa namkata Neema kucha mlangoni, kwamba wachafu wa kweli Mwalimu Zuhura aliwatuma bombani. Waliotumwa ofisini ni wengine: msichana mmoja aliyekuwa haketi vizuri, mwingine aliyelala darasani kila siku na kushtuka akiguswa. Wote tuliwacheka kwa kucha chafu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kujua jingine. Niliweka wembe chini nikalia.

Sasa turudi kwenye sweta. Neema alikuwa anaota moto, amenuna. "Mama, Mwalimu Zuhura amezeeka, haoni. Leo amemwambia jirani yangu wa dawati ana kucha chafu. Ni safi kuliko zangu! Darasa zima tumecheka."

Nilishika mkono wangu, kama nilivyowaambia. Neema alinitazama akingoja nikubali kwamba mwalimu amekosea.

"Mwalimu akisema ni chafu, ni chafu," nikamwambia. "Ila kesho usimcheke. Kaa naye."

Asubuhi nilimfuata mwalimu shuleni na chupa ya maziwa. Moshi ulikuwa unatoka nyuma ya ofisi. Mwalimu Zuhura alikuwa amechuchumaa pale, mkono wa gauni umekunjwa mpaka kwenye kovu lake, anachemsha maji. Nikamwamkia, nikachuchumaa kando yake nikachochea kuni.