Pazia la Mwambani

Mume wangu, mchonga mawe, alituchongea chumba ndani ya jabali. Siku babake mchumba wa mwanangu alipokuja, nilitundika pazia ukutani ili adhani tuna dirisha.

Mgeni yule ni mwalimu wa Kiingereza. Akasema, "Wakaao mapangoni Waingereza huwaita troglodaiti. Neno wamelitoa kwa Wagiriki: mwenye kuingia tunduni, tundu lililogugunwa kama la panya."

Mume wangu akacheka. "Umenipata, mkwe! Nimeguguna miaka miwili. Njoo uone meno yangu!" Akavuta pazia amwonyeshe alama za patasi.

Mwamba mtupu. Mgeni akanitazama mimi, si ukuta. Uso ukaniwaka moto.

"Dirisha fundi bado hajalileta," nikasema, nikalirudisha pazia.

Mume wangu akashangaa. "Dirisha gani tena, mke wangu?"