Mgeni wa Ukutani

Picha ya Moyo wa Yesu niliinunua Bariadi, enzi zile wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na maduka yakajaa vitu ghafla. Kabla ya hapo hata sabuni tulikuwa tunaisikia tu. Mwenye duka, Mwislamu, aliipangusa vumbi kwa kanzu yake, akaniambia, "Mama, huyu usimweke karibu na moshi." Jina lake ninalo kichwani, kama nilivyo na majina ya wote, hata ya ng'ombe, ila hapa siandiki la mtu.

Nilikuwa nimeitaka tangu nibatizwe. Nilidhani ikikaa ukutani nitajua kusali, maana sala nilikuwa nazikariri mbio mpaka amina, nainuka, sijasikia kitu.

Mume wangu alikuwa na sauti. Akinigombeza, jirani anaacha kupepeta. Alipoiona akasema, "Pesa ya pamba yetu umenunulia mzungu wa karatasi! Kesho irudi dukani."

Mama yake, ambaye hakuwa wa dini yoyote, akasogea, akautazama ule moyo uliochomwa miiba. "Huyu mgeni ameumia," akasema. Akapiga goti, akamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, baba." Akanyamaza, anangoja aitikiwe. Kisha akamgeukia mwanawe. "Mgeni harudishwi kama debe bovu. Na katika mji wa baba yako, mbele ya mgeni mke hafokewi."

"Mayu, ni karatasi hiyo!"

"Basi kafokee zizini."

Akaenda. Kwetu mama hapingwi, mgeni akiwepo ndiyo kabisa. Msimu ule ng'ombe walisikia mengi juu yangu.

Padri alipokuja kuibariki alimkuta mama mkwe amepiga goti, akamweleza kwa upole kwamba picha inatukumbusha tu, haisalimiwi. Sijawahi kumwona mume wangu akifurahia mahubiri vile.

"Umesikia, mayu? Karatasi!"

"Nimesikia," mama mkwe akamjibu padri. "Wewe umekulia mjini, mwanangu. Huku wageni tunawasalimia."

Jioni ugali ulichelewa. Mume wangu akaingia, akafungua mdomo, akatupa jicho ukutani. Akatoka.

Nikapiga goti. Safari hii nikasalimia, nikanyamaza kama mama mkwe, nikangoja. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Kule zizini tu mume wangu alikuwa anamweleza dume habari zangu.